Shanga za gauni la miaka ya 1920 zinadondoka zenyewe sandukuni, wala halijavaliwa. Nini kinakata nyuzi?

#1 Bitana
Wakuu salaam. Gauni ni la shifoni ya hariri, kahawia iliyopauka, limejaa shanga za kioo mbele na nyuma. Halina zipu wala kifungo, linaingilia kichwani. Mizani inasema kilo 2.3. Limekaa sandukuni miezi 8 bila kuguswa. Juzi nafungua, sakafu ya sanduku ina shanga za kujaza kijiko cha chai, na upande wa kushoto mistari mitatu imebaki kitambaa kitupu. Panya hakuna, nondo hakuna, maji hayajaingia. Kipi kinakata nyuzi za gauni lililolala? Na linaweza kuvaliwa hata saa moja bila kumwaga zilizobaki?

#2 Nondo Mstaafu
Natandika mkeka hapa nikisubiri wenye taaluma. Nondo tumeshaondolewa lawama, namshukuru mleta mada.

#3 FundiNdoano
Inua pindo kidogo utazame mgongo wa kitambaa kwa lenzi. Usiligeuze gauni zima ndani nje, utamwaga nyingine. Ukiona vipete vidogo vimeshikana kama mnyororo, hiyo ni kazi ya ndoano, ufundi uliokomaa Lunéville, Ufaransa, karne ya 19. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu mgongo ukiwa juu. Shanga zimeshatungwa kwenye uzi ulio chini, fundi anausukuma ushanga mmoja hadi mahali pake, ndoano inashuka, inavuta kipete, anasogea. Uzi ni mmoja tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Uzi ukikatika na ncha ikavutwa kwa ule upande wa kufumuka, mstari wote unamwagika kama sweta lililopata mtu wa kulivuta. Kwa hiyo kijiko kizima hakimaanishi nyuzi mia zimekatika. Mbili tatu zinatosha. Usiguse ncha yoyote inayoning'inia mpaka tukuelekeze.

#4 Sindano12
Uzi mmoja ukikatika wote wanamwagika. Kama nyuzi zetu za hapa tu.

#5 HaririMbichi
FundiNdoano kaeleza kwa nini zinamwagika nyingi, hajaeleza kwa nini uzi ukatike ukiwa umelala. Mimi naanza na kitambaa. Hariri mbichi ina gundi yake ya asili, na ikichemshwa kuondoa gundi hiyo hupoteza kama robo ya uzito. Hariri iliuzwa kwa uzito, hivyo viwanda vikaurudisha uzito, na kuzidisha, kwa chumvi za bati. Nyeusi mara nyingi ilipewa chumvi za chuma. Kitambaa kikawa na mwanguko mzuri na ule mlio wa kuchakacha. Chumvi hizohizo ndizo zinazoikausha hariri hadi ipasuke yenyewe, kwa mipasuko iliyonyooka sambamba. Ikifika hapo hakuna dawa ya kuirudisha. Uzi wa shanga unaweza kuwa mzima kabisa, ila shifoni iliyokuwa inaushikilia imeuachia.

Kipimo: ndani ya mshono wa ubavuni chomoa uzi mmoja wa kitambaa, sentimita 2 zinatosha. Ushike kwa kibanio juu ya sahani, chumba kingine kabisa na gauni, uuchome. Hariri safi hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, huacha kidonge cheusi kinachosagika vidoleni. Iliyotiwa chumvi huacha jivu lenye umbo lilelile la uzi, kama mzimu wake.

#6 Mzee wa Pindo
Mnakimbilia kemia wakati jibu liko ndani ya kijiko chake. Bitana, mwaga hizo shanga kwenye sahani nyeupe uzitenge. Ngapi ni za duara na ngapi ni zile ndefu za mrija?

Sababu ya kuuliza: mrija hukatwa kutoka kwenye fimbo ndefu ya kioo, na mdomo wake hubaki mkali kama wembe mdogo. Za duara nyingi hupitishwa tena motoni, kingo zikalainika. Uzi unaoingia na kutoka kwenye mrija unasuguliwa na kingo mbili kila gauni linapotikisika. Mafundi waangalifu waliweka ushanga mdogo wa duara kila mwisho wa mrija uwe mto wa uzi. Wenye haraka hawakuweka.

Kisha tazama ncha za nyuzi zilizobaki kwenye kitambaa. Ncha iliyokatwa na kioo ni fupi na safi. Ncha ya uzi uliooza ina manyoya, na ukiigusa kwa sindano inageuka vumbi.

#7 Kibanio
Kabla hatujafika huko, gauni lilikunjwaje na limefungwa kwenye nini?

#8 Bitana
Limekunjwa mara tatu, kipande cha juu juu ya cha chini. Nimeweka ile karatasi nyeupe laini inayokuja ndani ya boksi la viatu, kisha mfuko wa plastiki wa draiklina, kisha sanduku la mbao.

#9 Nondo Mstaafu
Mkuu, hilo gauni hukulihifadhi, umelihukumu kifungo.

#10 SandukuKuu
Nondo asikutishe, lakini vyote vitatu vina shida.

Karatasi ya viatu ina asidi. Ikikaa mwaka inageuka manjano kingoni, na ile manjano inahamia kwenye hariri. Mfuko wa draiklina unazuia unyevu usitoke. Mbao, hasa mwaloni, hutoa mvuke wa asidi, na uzi wa pamba unaoshika shanga ni wa kwanza kudhoofika. Tena mkunjo wa ukali: shanga za juu ya mkunjo zinavuta nyuzi zao kila saa, mchana na usiku. Gauni lililolala halijapumzika, linavutwa polepole tu.

Linavyotakiwa: sanduku la kadibodi isiyo na asidi, urefu wa kutosha gauni lilale na mkunjo mmoja au bila mkunjo kabisa. Chini tandika amerikani iliyofuliwa mara mbili kwa maji ya moto bila wanga, iachie kingo ndefu pande zote mbili ili baadaye uinue gauni kwa kitambaa na si kwa mabega. Karatasi isiyo na asidi isokote iwe soseji nene kama mkono wa mtoto, jaza kila mkunjo, jaza mikono, jaza kiuno. Katikati ya mbele na mgongo wa gauni ingiza karatasi bapa, maana shanga za mbele zinauma shifoni ya nyuma. Kila miezi 6 mpaka 12 badili mahali pa mkunjo. Joto kati ya nyuzi 18 na 21, unyevu 45 mpaka 55 kwa mia, na muhimu kuliko namba zenyewe ni zisipande na kushuka. Unyevu ukipanda uzi huvimba, ukishuka husinyaa, ushanga haubadiliki. Basi kila siku ni msuguano.

#11 HaririMbichi
Naongeza: karatasi zisizo na asidi ni za aina mbili. Moja imetiwa kalsiamu kaboneti ili ipigane na asidi, hiyo ni ya pamba na kitani. Hariri na sufi ni protini, zinachukia alkali, zipewe ile ya kawaida isiyotiwa kitu. Usipojua aina uliyonayo, chukua isiyotiwa kitu, haimdhuru yeyote.

#12 Sindano12
Na uzi wa shanga ni pamba. Kwa hiyo kitambaa kinataka karatasi hii na uzi unataka ile. Tumpe nani?

#13 HaririMbichi
Kitambaa. Uzi unabadilishwa, shifoni haibadilishwi.

#14 Kibanio
Mbona hamjataja kuviringisha? Nimeona wengi wanashauri gauni la shanga liviringishwe kama mkeka.

#15 SandukuKuu
Kuviringisha ni kwa kitu cha tabaka moja: shali, kipande cha ukuta, mtandio. Bomba pana, limevikwa karatasi isiyo na asidi, upande wa shanga ukitazama nje ili uzi wa mgongo usijikunje. Gauni lina tabaka mbili, na ukiliviringisha tabaka la ndani linapata njia fupi kuliko la nje. Linajikunja lenyewe vikunjo vidogo usivyoviona, shanga zinauma shanga. Wanaoshauri kuviringisha wanakwepa mikunjo mitatu, na kweli wanaikwepa, wanapata thelathini.

#16 Mzee wa Pindo
Hapo sikubaliani kabisa. Gauni lisilo na mikono, lililonyooka kama gunia, ukiweka karatasi nene katikati na kuliviringisha kwa ulegevu ni salama kuliko mkunjo mmoja mkali kwenye sanduku fupi. Sanduku refu likipatikana, nalaza. Lisipopatikana, naviringisha.

#17 SandukuKuu
Lisipopatikana, tafuta.

#18 KiooJasho
Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza hali ya kioo chenyewe. Bitana, pitisha kidole kikavu juu ya shanga. Zinateleza kama sabuni? Kuna utando mweupe kama chumvi? Zimejaa nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka?

Vioo vya baadhi ya rangi vilichanganywa alkali nyingi na chokaa kidogo. Unyevu ukiwa mwingi, alkali inatoka nje ya kioo, inakaa juu kama jasho. Jasho hilo linaingia kwenye tundu la ushanga, na ndani ya tundu kuna nini? Uzi. Kwa nje huoni kitu. Na pale ushanga unapogusa hariri, alkali inaila hariri. Dalili nzuri ni kwamba rangi moja inadondoka na nyingine hazidondoki, kwa sababu kila rangi ina mapishi yake.

Jaribu karatasi ya litimasi nyekundu iliyonyeshewa tone moja la maji yaliyokenekwa, igusishe ushanga uliokwisha kudondoka. Ikigeuka buluu, umeshampata mhalifu. Gauni la namna hiyo usilifungie kwenye plastiki hata siku moja, na unyevu usizidi 50.

#19 Bitana
Hazitelezi. Ila kuna vile visahani vidogo vinavyong'aa pale shingoni, kama kumi hivi vimejikunja kama ganda la kitunguu na kimoja kimeganda kwenye karatasi.

#20 FundiNdoano
Vimetameta vya gelatini hivyo! Usivilowanishe. Miaka ya 1920 vyote vilikuwa vya gelatini.

#21 KiooJasho
FundiNdoano, rekebisha hapo. Miaka ya 1920 vingi vilikuwa vya chuma, na vingine vya seluloidi. Gelatini ilitamba zaidi miaka ya 1930. Ama shingo iliongezwa baadaye, ama gauni ni la mwisho wa muongo kuliko tunavyodhani.

Kujua ni gelatini: chukua kile kilichodondoka tu, kiweke kwenye sahani, tone moja la maji. Gelatini inalainika na kunata haraka. Seluloidi hailainiki, lakini ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto inanuka kafuri, na hiyo usiisogeze karibu na moto kwa sababu inawaka kama kiberiti. Cha chuma cheusi kigusishe sumaku.

Kwa mvaaji tofauti ni kubwa. Gelatini haihitaji mvua, jasho la shingoni linatosha. Joto la mkono wa mtu anayekushika begani kwenye dansi linaacha alama ya vidole vitano.

#22 FundiNdoano
Nimerekebishika. Lakini nimeshika gauni moja la vimetameta vya gelatini lenye pindo la mtindo wa Misri, ule uliovuma baada ya kaburi la Farao Tutankhamun kufunguliwa Novemba 1922.

#23 KiooJasho
Pindo linakudokeza tu kwamba huenda gauni halikutengenezwa kabla ya 1922. Halikwambii halikutengenezwa 1932, wala kwamba vimetameta vilishonwa siku hiyohiyo.

#24 Nondo Mstaafu
Na mimi nikae wapi katika haya yote? Watu wanaweka naftalini.

#25 SandukuKuu
Usiweke. Ile harufu ni mvuke, na mvuke huo unalainisha baadhi ya plastiki. Zile za paradiklorobenzini ni mbaya zaidi, zinashambulia shanga za polistirini. Ukishuku wadudu, funga gauni ndani ya amerikani, kisha mfuko wa polithini uliotolewa hewa, friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha liache lipate joto la chumba saa 24 kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande unatua juu ya shanga. Gauni lenye kioo kinachotoka jasho, lulu za bandia zilizojazwa nta au vimetameta vya gelatini usiligandishe. Hilo likaguliwe kwa macho kila mwezi, na vumbi livutwe kwa mashine ya kufyonza yenye nguvu ndogo, mdomo umefungwa neti, usiguse kitambaa.

#26 Pasi Baridi
Samahani kwa kuchelewa. Mleta mada aliuliza pia kuvaa, na mmempita kama kituo cha basi.

Kwanza jaribio la bega. Gauni likiwa mezani, ingiza mkono chini ya mshono wa bega hadi uone vidole kupitia shifoni. Shika pande mbili za mshono, vuta kwa nguvu ya kufungua bahasha isiyo na gundi. Ukisikia mlio mdogo kama karatasi kavu au ukaona mwanga mpya, acha, halivaliki. Rudia kwenye tundu la mkono na kwenye nyonga, ndipo linapopasuka mtu akikaa.

Likipita, bega lisibebe kilo 2.3 peke yake. Utepe wa pamba wa sentimita 1 unapita ndani kutoka shingo ya mbele, juu ya bega, hadi shingo ya nyuma, umeshikwa kwa mishono midogo kwenye kingo zilizokunjwa za mshono, si kwenye shifoni yenyewe. Ndani vaa gaguro la hariri au pamba laini, lisilo na lasi, lenye pedi za kwapa. Dawa ya kwapa yenye chumvi za alumini inaila hariri. Marashi na losheni vipakwe mapema vikauke kabisa, au viachwe.

Pete, saa, bangili, hereni ndefu vinavuliwa kabla. Kitambaa cha hariri kinafunika uso na nywele. Watu wawili wanalikusanya gauni kutoka pindoni kama wanavyokusanya soksi, liwe pete nene mikononi, mvaaji ananyoosha mikono juu, wanaliteremsha. Anayevaa hashiki kitu. Hakuna kulivuta chini, linashuka kwa uzito wake lenyewe.

Halafu ni kusimama. Akilazimika kukaa, nyuma inainuliwa kwa mikono miwili na anakaa kwenye gaguro, kiti kiwe laini na si cha ukili. Mkanda wa gari hapana. Pochi ya mnyororo hapana. Kukumbatiana na mwenye bruchi hapana. Dansi ya Charleston hapana, ingawa ndiyo lililoshonewa.

#27 Sindano12
Kwa kifupi ni kuvaa na kusimama kama mnara wa saa.

#28 Pasi Baridi
Mnara wa saa hauchezi Charleston, kwa hiyo ndiyo.

#29 HaririMbichi
Ushauri wako ni mzuri kwa vazi zima. Kwa lenye chumvi za bati ni wa kuua kistaarabu. Jaribio la bega linapima bega la leo. Kila dakika ya joto na jasho inaharakisha kilichokwisha kuanza, na mpasuko utauona wiki tatu baadaye sandukuni, useme "lilijikatia lenyewe". Kamati ya mavazi ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, haina kigugumizi: mavazi ya kihistoria hayavaliwi.

#30 Kibanio
Ndiyo ile ya Marilyn Monroe, nyota wa filamu. Gauni alilovaa 19 Mei 1962 Madison Square Garden, likanunuliwa 2016 kwa dola milioni 4.8, Kim Kardashian akalivaa kwenye hafla ya mitindo ya Met Gala Mei 2022, likachanika.

#31 Mzee wa Pindo
Taratibu na "likachanika". Alilivaa kwa muda mfupi kwenye zulia, kisha akabadili akavaa nakala. Juni zikasambaa picha za mishono ya nyuma imevutika na mawe ya kung'aa yamepungua. Wenye gauni, kampuni ya Ripley's, wakakana, wakasema ripoti ya hali yake ya 2017 ilishaonyesha mishono imevutika. Kwa hiyo hata gauni lililopigwa picha kuliko yote duniani watu hawajakubaliana kipi kilikata nini.

#32 Pasi Baridi
Na lile lilishonwa likiwa limembana Marilyn mwilini. Gauni la miaka ya 1920 halibani, linaning'inia. Adui wa lile ni kunyooshwa, adui wa hili ni mvutano wa dunia.

#33 Bitana
Turudi mezani wakuu. Kuna mistari miwili inaning'inia uzi. Naizuiaje? Nimeshauriwa nitie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi.

#34 FundiNdoano
Usithubutu. Rangi ya kucha ina nitroselulosi, inageuka manjano, inakuwa ngumu, na kitambaa kinachoizunguka kinavunjika pale inapoishia. Umezuia mstari mmoja, umetengeneza tundu. Selotepu vilevile.

Fanya hivi. Laza sehemu hiyo juu ya kitambaa cheusi ili uone uzi. Pini isiyoshika kutu ipite kwenye kipete cha mwisho kilicho salama, huyo ndiye mlinzi wako. Sindano ya shanga namba 12, uzi mpya mwembamba. Ingia kwa mgongo, pita ndani ya kipete kile, funga fundo dogo, kisha rudi nyuma kupitia shanga tatu nne zilizo imara. Sindano ikikataa kuingia kwenye ushanga usiisukume, shanga za zamani matundu yake hayalingani, utaupasua. Ncha ya zamani usiikate, ilaze chini ya mishono mipya. Zilizodondoka zitie kwenye bahasha ndogo, andika mahali zilipotoka: "kushoto, mstari wa 3, chini ya kwapa". Usichanganye na nyingine, hata zikifanana. Ukiziangalia juani utaona si rangi moja.

#35 Pasi Baridi
Uzi mpya uwe poliesta. Hauozi, hautaurudia.

#36 FundiNdoano
Hapo ndipo tunapogombana kila mwaka. Poliesta ni imara kuliko shifoni. Gauni likivutwa, kitu dhaifu ndicho kinachokatika. Ukiweka uzi dhaifu, unapoteza ushanga. Ukiweka uzi imara, uzi unakata kitambaa kama waya unavyokata jibini. Mimi natumia pamba nyembamba au hariri.

#37 Pasi Baridi
Pamba yako itaoza tena.

#38 FundiNdoano
Ioze. Atakayekuja ataishona. Shifoni iliyokatwa hataishona.

#39 KiooJasho
Kama kioo kinatoa alkali, hariri ndiyo itakayoliwa mapema, si pamba. Kwa hiyo hata hilo linategemea jibu la swali la kwanza ambalo hatujajibu.

#40 Mzee wa Pindo
Tulijibu. Ni mrija.

#41 Bitana
Matokeo wakuu. Nimehesabu 214 zilizodondoka. 151 ni ndefu za mrija, 63 ni za duara. Mgongo una mnyororo, FundiNdoano alikuwa sahihi. Hakuna ushanga mdogo wa mto kwenye miisho ya mirija. Ncha za nyuzi tano nilizotazama: tatu safi, mbili zina manyoya na zinavunjika. Litimasi haikubadilika. Jivu la uzi wa mshono lilibaki na umbo, ila nusu, upande mmoja likasagika. Na mistari mitatu iliyomwagika iko yote juu ya mkunjo wa kwanza.

#42 Mzee wa Pindo
151.

#43 SandukuKuu
Juu ya mkunjo.

#44 HaririMbichi
Jivu lilibaki na umbo.

#45 FundiNdoano
Na zote tatu zilifumuka kwa sababu ni mnyororo. Nami nidai changu.

#46 KiooJasho
Litimasi ya shanga 63 za duara au za 151? Ulipima rangi ngapi?

#47 Bitana
Ya mrija mmoja, wa kahawia. Za duara ni za rangi mbili, kahawia na ile ya fedha kwa ndani.

#48 KiooJasho
Basi pima za fedha kwa ndani. Na uangalie kama fedha imeanza kuwa nyeusi tunduni.

#49 Mzee wa Pindo
Kabla hujapima, hesabu mistari ya mirija ambayo haikuwa kwenye mkunjo. Kama nayo ina ncha safi hata moja, mkunjo hauna kosa, uliharakisha tu.

#50 Nondo Mstaafu
Mkuu usilifunge tena kwenye mfuko wa draiklina wakati unahesabu.

#51 Bitana
Limelala wazi juu ya amerikani, limefunikwa shuka, taa imezimwa. Za fedha nimekuta 22. Tundu la kwanza nililolitazama kwa lenzi ni jeusi. Kesho nitanunua litimasi nyingine, ile imeisha.